Makofi Matatu

Tusekile ameingia na daftari limelowa,
mvua ya Tukuyu haina habari kuwa kesho ni mtihani.
Anavuta kreti, anakaa karibu na moto.
Mimi namenya ndizi, utomvu umenigandia vidoleni.
"Mama, nisaidie kukata maneno ya Kifaransa.
Kila silabi, kofi moja."

Kukata maneno? Hilo nalijua.
Marehemu baba alitungia kanisa mashairi,
akipanga mizani mezani kwa punje za maharage,
nane huku, nane kule,
na mstari ukizidi punje moja
punje hiyo aliwatupia kuku.

Basi napiga, viganja vinanata:
pa-ra-chi-chi, manne.
Ki-wi-ra, matatu.
M-ja-ne, matatu pia,
na ile M haimwegemei mtu,
ina kofi lake, ina kiwanja chake.

Anaandika neno, ananigeuzia daftari.
*Beaucoup*. Maana yake nyingi, sana, tele.
Nahesabu herufi: nane kamili.
Natanua mikono nipige mengi.
"Mawili tu, Mama. Bo. Ku."
Na hizi nyingine?
"Zipo tu. Zinaandikwa, hazisemi."

Kisu kikasimama katikati ya ganda.
Kikao cha ukoo, mwezi Machi, sebuleni kwa shemeji:
wanaume nane kwenye mabenchi mawili,
waliosema wawili.
Shamba lirudi kwa wenye damu, alisema wa kwanza.
Lirudi, alisema wa pili.
Sita waliobaki walitazama viatu vyao,
lakini kwenye muhtasari wamo wote,
wino wa bluu, na sahihi.

"Sasa *bon*. Hiyo N usiitamke, ipitishe puani."
Pua ipi? Yangu imeziba tangu Juni.
Nasema bon, inatoka bo.
Nasema tena. Bo.
Tusekile anacheka mpaka anashika ubavu,
ndiyo maana ya jina lake, kicheko,
nami namwambia Wafaransa hawajakutana na mafua ya huku.

Neno la tatu nalifahamu kwa macho.
Godauni la Kiwira, stika ya kijani, kila katoni:
*avocat*.
Miaka miwili nabandika neno nisilolitamka.
A-vo-ka. Makofi matatu.
Ile T ya mwisho imekuja kusindikiza.
"Ni parachichi," anasema, "na pia ni wakili."
Neno lile lile?
"Lile lile."
Kumbe nimefungasha mawakili kwa maelfu,
wagumu, wa kijani, wasioruhusiwa kuiva njiani,
na mmoja tu wa Mbeya mjini amenishinda bei,
laki tano kabla hajafungua kinywa.

"Wakiwa wengi," anaendelea, "unatanguliza *les*.
S yake ni bubu. Le, basi.
Ila ikikaa jirani na A, au E, au sauti yoyote iliyo wazi,
inaamka. Inakuwa Z,
inahamia kwenye kofi la jirani."

Rudia.

"Le. Za. Vo. Ka."

Rudia tena, polepole.

Moto umefifia, ndizi zimeanza kuwa nyeusi.
Namfikiria Ambilikile, mwisho wa benchi la pili,
aliyechimba mfereji wa juu pamoja na mume wangu
na anayejua kila jiwe la mpaka lilipolala.
Sikuwahi kujiuliza siku ile aliketi kati ya nani na nani.
Konsonanti kushoto. Konsonanti kulia.

Kesho, kabla hajapeleka maziwa,
nitakwenda kwake na pua yangu hii hii.
Sitabeba karatasi.
Nitavuta kigoda niketi karibu naye,
bega kwa bega,
nifungue kinywa.